Binti yangu hasikii sikio la kushoto: tumtie kipandikizi cha koklea?

Swali. Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Binti yangu wa pili ana miaka sita, yuko Gredi ya Kwanza. Mwaka huu mwalimu aliniambia mtoto haitiki akiitwa, nami nikadhani ni ukaidi. Siku moja nikampa simu azungumze na babake, akaiweka sikio la kushoto, akasema haitoi sauti. Tukampeleka Mombasa akapimwa. Sikio la kulia ni zima, la kushoto halisikii kabisa. Nyanyake anasema aliugua matubwitubwi alipokuwa na miaka minne, lakini mimi siwezi kuapa kama alikuwa akisikia kabla ya hapo. Kakangu yuko Muscat, anasema kuna mashine ya kupandikizwa ndani ya sikio na yuko tayari kuchanga. Sisi itabidi tuuze shamba letu la minazi lililoko Hindi, Lamu bara. Wengine wanatuambia sikio moja latosha, tumwache. Je, tumfanyie? Na akifanyiwa, atasikia sawasawa?

Jibu. Waalaykum salaam, dadangu. Shamba msiliuze kwanza. Nalitanguliza hili kwa sababu familia nyingi za pwani hukusanya pesa mwanzo na kuuliza maswali mwisho, na katika jambo hili maswali ndiyo yanayoamua kama pesa hizo zina kazi.

Wewe umeuliza kama mashine itamfaa. Mimi nakurudishia swali ambalo kipimo cha Mombasa hakikuweza kulijibu: sikio hilo liliacha kusikia lini? Kama alizaliwa nalo hivyo, mwanao yuko katika hali moja. Kama lilisikia miaka minne kisha likazimwa na matubwitubwi, yuko katika hali nyingine kabisa, ingawa karatasi ya kipimo itaonyesha mstari uleule. Nitalirudia, maana karibu kila kitu kinaning'inia hapo.

Wanaowaambia sikio moja latosha wana nusu ya ukweli. Latosha kumfanya mtoto aongee, na ndiyo maana hamkushuku kitu miaka yote hiyo. Mtoto wa sikio moja hujifunza maneno, huimba, huitika akiitwa ndani ya nyumba tulivu. Taabu yake huanza penye kelele, na hapo ndipo huonekana mkaidi: leo kaitika, kesho hakuitika, mzazi akaona ni tabia. Si tabia. Yategemea alisimama upande gani, na nani mwingine alikuwa akizungumza wakati ule.

Kichwa chenyewe huziba sauti. Ikitoka kushoto, ili ifike sikio la kulia sharti ikizunguke kichwa, na zile sauti nyembamba za juu, kama s, f na sh, hupungua nguvu njiani, pengine kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15 hadi 20. Nazo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Mwalimu amesema "shika", mtoto kasikia "fika", kisha anaulizwa mbona hakushika. Ongezea darasa lililojaa, madirisha wazi na watoto wa darasa la pili wakiimba jedwali la kuzidisha.

La pili ni kujua sauti imetoka wapi. Ubongo hulinganisha masikio mawili: lipi limepata mapema, lipi limepata kwa nguvu zaidi. Tofauti ya muda yenyewe haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na bado ubongo huipima. Mwenye sikio moja hana cha kulinganisha. Hapo kwenu Lamu, ambako kuta za mawe hurudisha sauti kila upande, mwanao atamsikia hamali wa mkokoteni akipiga "simila!" na asijue ajibanze ukuta gani. Punda ni mpole, mara nyingi atakwepa mwenyewe. Pikipiki haikwepi.

Mwaka 1984 Fred Bess na Anne Marie Tharpe wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walichapisha utafiti unaonukuliwa hadi leo: katika watoto 60 waliosikia kwa sikio moja tu, zaidi ya thuluthi moja walikuwa wamerudia darasa. Mwaka 2010 Judith Lieu na wenzake wa St. Louis waliwalinganisha watoto wa namna hii na ndugu zao wanaosikia vizuri, wakakuta alama zao za lugha ziko chini. Ndugu waliokulia nyumba moja na kula sahani moja, kwa hivyo huwezi kusema ni umaskini au malezi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika ripoti yake ya 2021 kuhusu usikivu, limeipa hali hii daraja lake katika jedwali la upungufu wa kusikia. Zamani ilipitishwa tu kama usikivu wa kawaida. Lakini uusome utafiti huo pande zote: karibu thuluthi mbili ya watoto wale wa 1984 hawakurudia darasa. Sikio moja ni mzigo, ila si hukumu.

Sasa mashine anayoizungumzia kakako. Kipandikizi cha koklea kina sehemu mbili. Ya nje hukaa nyuma ya sikio, nayo ina maikrofoni, kompyuta ndogo na betri, pamoja na kisahani chenye sumaku kinachonata kichwani juu ya ngozi. Ya ndani hupandikizwa kwa upasuaji chini ya ngozi, kwenye mfupa. Kutoka hapo, uzi mwembamba wenye vituo vya umeme, 12 hadi 22 kutegemea kampuni, huingizwa ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringa takriban mizunguko miwili na nusu. Katika sikio zima, humo kuna seli zenye vinyweleo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Seli hizo zikifa kwa binadamu hazioti tena. Kipandikizi huziruka na kuisisimua neva moja kwa moja.

Kwa hivyo hakifufui sikio, na jibu la "atasikia sawasawa?" ni hapana. Vituo ishirini haviwezi kufanya kazi ya maelfu ya seli. Watu wazima waliotiwa kipandikizi sikio moja huku la pili likiwa zima ndio wanaoweza kutulinganishia, na wengi wao husimulia sauti ya kukwaruza mwanzoni, isiyo ya kibinadamu, inayolainika kadiri miezi inavyokwenda. Muziki hupita vibaya zaidi kuliko maneno. Sauti nzuri ya msomaji wa Maulidi, binti yako ataifaidi kwa sikio la kulia, si kwa mashine. Anachoweza kupata, mambo yakienda vizuri, ni kumsikia aliyeko kushoto bila kugeuka, kuelewa zaidi kidogo penye kelele, na kuanza kukisia sauti imetoka upande gani. Hilo la mwisho hakuna kifaa kingine kinachoweza kulileta, kwa sababu vingine vyote hupeleka sauti kwenye sikio lilelile zima.

Kwa watoto wasiosikia masikio yote mawili, kipandikizi ni tiba iliyozoeleka kwa miongo kadhaa. Kwa sikio moja ni jambo la juzi, na mlango wake ulifunguliwa na kilio kingine kabisa, yaani mvumo wa sikio. Paul Van de Heyning na wenzake huko Antwerp, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2008 habari za watu wazima wenye sikio moja bovu lililovuma usiku na mchana. Walipopandikizwa, mvumo ukapungua, na baadaye ikaonekana pia kwamba wanasikia vizuri zaidi. Marekani iliruhusu kipandikizi kwa uziwi wa sikio moja Julai 2019, kwa watu wazima na watoto kuanzia miaka 5, na kwa sharti kwamba mgonjwa awe amejaribu kwanza kifaa cha kuvaa kwa mwezi mmoja au zaidi bila kupata msaada wa maana. Uingereza, kwa mwongozo wake wa mwaka huohuo wa 2019, hulipia kipandikizi cha aliyepoteza usikivu kwa kiwango kikubwa masikio yote mawili. Wa sikio moja hayumo. Nchi mbili tajiri, mwaka mmoja, maamuzi mawili. Mtu akikwambia "kila mtoto wa namna hii hutiwa kipandikizi" au akikwambia "hayo ni majaribio", wote wawili wamekosea.

Kabla ya kufika kwenye uamuzi, kuna jambo moja ambalo likikosekana mazungumzo yamekwisha. Ni neva. Kipandikizi huipigia neva ya usikivu, na watoto wengi waliozaliwa na sikio moja lisilosikia hupatikana hawana neva hiyo upande ule, au wanayo nyembamba kupita kiasi. Ni moja ya sababu zinazoonekana mara nyingi zaidi katika kundi hili. Kumtia kipandikizi mtoto kama huyo ni kununua redio ya bei ghali na kuiweka nyumba isiyofikiwa na waya wa umeme. Picha inayoionyesha neva vizuri ni ya MRI, ile inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Ile ya CT, inayopigwa kwa eksirei, huonyesha mifupa, na peke yake haitoshi. Ombeni MRI ya sikio la ndani na neva ya koklea, pande zote mbili, na mwambieni daktari wa picha wazi kwamba mnaulizia neva. Mkipigiwa MRI ya kichwa ya kawaida kwa ajili ya "maumivu ya kichwa", mtakuwa mmelipa bure, maana vipande vyake huwa vinene mno kuionyesha. Mtoto wa miaka sita akielezwa mapema kwamba mashine ile hupiga kelele, mara nyingine hutulia bila dawa ya usingizi, na hapo mtakuwa mmeokoa pesa na wasiwasi.

Picha hiyohiyo hutazama pia mfereji mmoja wa sikio la ndani ambao kwa watoto wengine huzaliwa umepanuka. Ukipatikana umepanuka, hata sikio zima liko hatarini, na mtoto anaweza kupoteza usikivu zaidi baada ya kugonga kichwa. Mzazi akishajua hilo, hamruhusu tena kurukia maji kichwa chini kutoka gatini.

Turudi sasa kwenye "lini". Ubongo wa mtoto haukai kusubiri. Mwaka 2013 tafiti mbili, moja ya Andrej Kral na wenzake wa Hannover, Ujerumani, na nyingine ya Karen Gordon na wenzake wa Toronto, Kanada, zilionyesha kwamba ubongo uliokuzwa na sikio moja huegemea sikio hilo. Njia za kupokea sauti hupangwa upya kulifuata, na sikio la pili likija kuchelewa hukuta nafasi imeshachukuliwa. Ndiyo sababu vituo vinavyofanya kazi hii hupenda kumpandikiza aliyezaliwa hivyo katika miaka yake michache ya kwanza. Akifika miaka sita bila sikio hilo kuwahi kusikia, kipandikizi kinaweza kumpa sauti, lakini ubongo kuichanganya sauti hiyo na ya sikio zima ni kazi ngumu, na baadhi ya watoto huishia kukivua na kukiacha sandukuni. Kwa nini wasikivue? Sikio lao zima linawaambia kila kitu kwa sauti safi, na hili la mashine linawaletea fujo.

Aliyesikia miaka minne ni mwingine. Ubongo wake ulishajifunza masikio mawili. Neva yake ilikuwapo na ilifanya kazi. Matubwitubwi, yakimuua mtu sikio, kwa kawaida huua moja tu, ghafla, na usikivu huo ni nadra kurudi. Sikio lisilosikia kwa miaka miwili bado liko karibu. Likiachwa kumi, halitakuwa karibu tena. (Kwa wanaosoma na wana watoto wachanga: chanjo ya serikali ya miezi 9 na miezi 18 hapa Kenya ni ya surua na rubela. Matubwitubwi hayamo. Ile inayoyajumuisha hupatikana kwa kulipia kwenye kliniki za binafsi, na mimi humshauri kila mwenye uwezo ailipie.)

Sasa mtajuaje? Wewe huwezi kuapa, na kumbukumbu ya nyanya ni ushahidi lakini haitoshi peke yake, kwa kuwa homa ya mtoto hukumbukwa vizuri zaidi likishatokea la kuelezwa. Anzeni na simu zenu. Kakako aliyeko Muscat yamkini anazo video mlizomtumia mtoto akiwa na miaka miwili au mitatu. Zitafuteni zile ambamo mtu anamwita kutoka nje ya picha. Aligeukia upande wa sauti papo hapo, au alitazama huku na huku akimtafuta mwitaji? Simu aliiweka sikio gani? Mtoto aliyekuwa akibadilisha simu masikio yote mawili akizungumza na babake, kisha akaacha, amewapa jibu. Muulizeni nyanya: wakati wa matubwitubwi alitapika, aliyumba akitembea, alilalamika sikio linavuma? Muulizeni na mtoto mwenyewe kama anasikia mvumo upande ule. Aliyezaliwa na sikio lisilosikia huwa hajui kuwa ni bovu. Aliyelipoteza mara nyingine hulalamikia mvumo.

Na kipimo chenyewe kihakikishwe. Ukimpima mtoto sikio bovu bila kulishughulisha sikio zima kwa mvumo wa makusudi, sikio zima huiba sauti kupitia mfupa wa kichwa na kujibu badala ya mwenzake. Waulizeni Mombasa kama walifanya hivyo, na kama alifanyiwa kile kipimo cha waya kichwani kinachosoma mwitikio wa neva mtoto akiwa amelala. Kikiwapo, mambo ya kukisia yamepungua.

Rai yangu ni hii. MRI ikisema neva haipo, jambo la kipandikizi limekwisha, na mtakaa na shamba lenu. Neva ikiwapo lakini video zikaonyesha hakuwahi kusikia upande ule, mimi nisingekimbilia upasuaji kwa miaka sita. Ningempa kwanza vifaa vya kuvaa, nikamtazama shuleni, na ningehitaji sababu nzito ya kubadili fikira. Neva ikiwapo na ushahidi ukaelekea matubwitubwi, basi kipandikizi ni jambo la kufikiriwa kwa dhati, na la kufikiriwa mwaka huu, si mkisha kujenga. Kuna daktari atakayewaambia tofauti na haya katika hali ya pili, naye hatakuwa mjinga. Mwacheni aeleze ameona nini kwa mwanenu.

Hali moja haingoji yote haya. Mtoto aliyepoteza usikivu baada ya homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa ule unaweza kuijaza koklea mfupa katika muda wa wiki chache, na baada ya hapo uzi hauna pa kupita. Huyo hupelekwa haraka. Mwanao hayumo humo, namtaja kwa ajili ya mzazi mwingine.

Tuchukulie mmefika kwenye kipandikizi. Upasuaji wenyewe ni wa saa mbili tatu, mtoto akiwa amelazwa usingizi. Hatari zake zipo ila si za kila siku: kidonda kuingia uchafu, kizunguzungu cha muda, ladha kubadilika ulimini, na mara chache sana neva ya uso kuguswa. Kwa kuwa kipandikizi huongeza kidogo hatari ya homa ya uti wa mgongo, chanjo ya nimokoko, kijidudu kimojawapo kiletacho homa hiyo, sharti iwe kamili kabla. Kenya inaitoa kwa watoto wachanga tangu 2011, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Fungueni kijitabu chake cha kliniki mwone, na daktari atasema kama kuna ya kuongeza.

Lakini upasuaji ndio sehemu fupi. Mashine huwashwa wiki kadhaa baadaye, na hapo mtaalamu huanza kuipanga: kituo hiki kipewe umeme kiasi gani, kile kiasi gani. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka maishani. Nanyi mko Lamu. Wataalamu wenyewe wengi wako Nairobi, na safari ni kuvuka Mokowe, kisha barabara ya Garsen na yote unayoyajua kuhusu barabara ile, au ndege ya Manda ambayo si ya kila mfuko. Baadhi ya kampuni siku hizi huweza kuipanga mashine kupitia intaneti, mtoto akiwa nyumbani. Ulizeni hilo kabla ya kuchagua kampuni, wala msione haya. Kakako akipendekeza upasuaji India kwa kuwa ni nafuu, ulizeni kwanza nani atakayeipanga mashine ya kampuni hiyo hapa Kenya, na nani anauza waya wake. Kipandikizi bora duniani kisicho na fundi karibu ni chuma kichwani.

Kila siku mtoto anahitaji mazoezi ya sikio hilo peke yake: hadithi, majina ya vitu, sura fupi alizozihifadhi, sauti ikipelekwa moja kwa moja kwenye mashine ili sikio la kulia lisimjibie. Nusu saa, kila siku, kwa miezi mingi. Asiyeipata nusu hiyo atakuwa na mashine ya mamilioni ya shilingi isiyo na faida. Sehemu ya nje haidumu umri wote. Baada ya miaka kadhaa hubadilishwa, na bei yake ni laki nyingi. Waya hukatika, betri hufa, na hewa ya chumvi ya Lamu hula vyuma, kwa hivyo kila usiku mashine hulazwa kwenye chombo chenye dawa ya kukausha unyevu. Akitawadha au kuogelea huivua, isipokuwa kama ina kifuniko chake cha maji. Mtandio mwepesi juu yake hauzuii sauti sana, ila kitambaa kikisugua maikrofoni humletea mkwaruzo wa kuudhi. Mvalisheni kitambaa laini.

Sasa yale ambayo mnaweza kufanya bila kungoja MRI wala Muscat.

Darasani akae mbele, upande wa kushoto wa chumba, ukuta ukiwa kushoto kwake, ili sikio zima liwaelekee mwalimu na wenzake. Watoto wengi hukalishwa mbele katikati, ikadhaniwa yatosha. Madrasa ni kugumu zaidi, kwa kuwa watoto husoma kwa sauti wote pamoja. Mwombeni ustadhi akae kulia kwake na amsikilize peke yake kwa dakika chache, na amguse bega kabla ya kumwita. Mweleze waziwazi kwamba mtoto ana sikio moja, ili bakora isiingie mahali pa maelezo.

Kuna maikrofoni ndogo ambayo mwalimu huivaa shingoni, na sauti yake huingia moja kwa moja kwenye kifaa kidogo katika sikio zima bila kuliziba. Kwa mtoto wa shule, kwangu mimi hicho ndicho kifaa cha kwanza, na bei yake haikaribii ya kipandikizi. Haimpi mwelekeo wa sauti, ila inamshindia kelele ya darasa. Kipo pia kifaa kinachochukua sauti upande mbovu na kuirusha upande mzima, na kingine kinachovaliwa kwa ukanda wa kichwa na kupitisha sauti kwenye mfupa. Vinasaidia chumba kikiwa kimya. Penye kelele vinaweza kudhuru, kwa kuwa vinaileta na kelele ya kushoto kwenye sikio pekee alilo nalo, na mtoto mdogo hajui kuvizima.

Njiani afundishwe kutembea bega la kushoto likiwa karibu na ukuta. Ndani ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, mwenye kuongozana naye awe kulia kwake. Usiku, akilalia sikio la kulia, hasikii adhana wala moto. Ajue hivyo, na nyinyi mjue.

Halafu lipo sikio lenyewe la kulia, ambalo naona barua yako imelitaja mara moja tu, kwamba ni zima. Lipimwe kila miezi sita, hata kama halalamiki. Mafua yakimziba, apelekwe kwa daktari mapema, maana maji nyuma ya ngoma ya sikio, ambayo kwa mtoto mwingine ni usumbufu wa wiki mbili, kwake ni uziwi. Asitiwe mafuta ya moto wala maji ya kitunguu saumu. Pamba za vijiti zitupwe. Akilazwa kwa ugonjwa wowote, semeni mlangoni: huyu ana sikio moja, jentamaisini na dawa za jamaa yake, ambazo huweza kuharibu usikivu, zisitumike ikiwa ipo nyingine ya kumfaa. Daktari hataudhika. Anayeudhika, mwandikieni.

Kakako mwambieni hivi: mchango wake wa kwanza uwe wa MRI na wa maikrofoni ya mwalimu. Atume na video. Kabla ya senti yoyote zaidi, ulizeni SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, kwa maandishi, inalipia nini na hailipii nini, na daktari wa masikio, pua na koo awape makadirio yaliyoandikwa ya miaka mitano, si ya siku ya upasuaji tu. Ripoti ya MRI ikitoka, nitumieni kile kifungu kinachotaja neva ya kushoto, pamoja na mlichokiona kwenye video, na nitawaambia ni ipi kati ya zile hali tatu.